Makindu: Hekalu Lenye Dishi Bure na Kitanda Bure, Lakini Lina Heshima Zake

Kama uko kwa mitandao sana, lazima umecheki zile video za watalii wakiwa Senso-ji, hekalu kongwe kuliko yote Tokyo. Taa kubwa nyekundu langoni, moshi wa ubani, wasee wamekodisha kimono wanapiga picha. Na kuingia ni bure kabisa. Noma ni kufika. Ndege, viza, hoteli, na ukirudi bado landilodi anakungoja mlangoni. Kwa msee wa Muthurwa mwenye anahesabu finje za mat, Japani inaweza kungoja kiasi.

Sasa skia hii. Kuna hekalu lingine hapa hapa Kenya, barabara ya Mombasa, lenye wageni wa kila aina kila siku. Kuingia ni bure. Juu ya hiyo unapewa chapo, ndengu na chai. Usiku ukikushika njiani, unaweza kupewa mahali pa kulala. Hakuna mtu atakuuliza wewe ni dini gani, kabila gani ama unafanya kazi wapi. Ni Gurdwara ya Makindu, yenye wengi wanaijua tu kama hekalu la Makalasinga.

Kila likizo ikikaribia, stori za "Makindu dishi ni bure" huanza kuzunguka kwa simu. Mbogi inajipanga, watu wanaenda. Wengine wanaenda fiti, wanarudi na heshima. Wengine wanaenda kama wamealikwa harusi ya tajiri wasiyemjua, wanajaza sahani mlima, wanaacha nusu, wanapiga picha mahali hawafai na kuondoka bila hata asante. Kwa hivyo kabla ujipange na mbogi yako, hii ndio rada yote.

Hawa watu ni kina nani?

Mtaani tunawaita Makalasinga. Wao wenyewe wanajiita Sikh, neno la Kipunjabi lenye maana ya mwanafunzi. Si Wahindu na si Waislamu, hata kama watu wengi hapa Nairobi huwachanganya wote kwa neno moja, "Wahindi". Dini yao ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa 1469 huko Punjab, sehemu ambayo leo imegawanywa kati ya India na Pakistani. Baada yake walifuata maguru wengine tisa. Guru wa kumi, Gobind Singh, alisema baada yake hakutakuwa na guru mwingine binadamu. Kiongozi atakuwa kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib. Kumbuka hiyo, juu ndio sababu ya sheria nyingi utakazokutana nazo ndani.

Wanaamini Mungu ni mmoja, binadamu wote wako sawa, na ibada bila kusaidia watu haijakamilika. Ile kilemba na nywele zisizokatwa ni alama za imani, pamoja na bangili ya chuma mkononi. Wanaume wengi hubeba jina Singh, maana yake simba. Wanawake hubeba Kaur. Wazo lilikuwa kwamba kila mtu akiwa na jina moja, hakuna mwenye atajua wewe ni wa ukoo wa juu ama wa chini. Huko kwao ukoo ulikuwa unaamua unakula na nani na unaoa nani, kwa hivyo hiyo haikuwa stori ndogo.

Mbona Makindu, na inaingiliana aje na Muthurwa?

Jibu ni moja kwa zote mbili: reli.

Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India kwa mkataba, na wengi walitoka Punjab. Kati yao walikuwa Sikh, na wengi wao walikuwa mafundi: maseremala, wahunzi, waashi. Karibu 2,500 walikufa kazini. Ile stori ya simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, wenye walikula wafanyakazi mpaka kazi ikasimama, ilitokea kwa reli hii hii, mbele ya Makindu ukielekea Mombasa. Hao simba wako Chicago hadi leo, wamewekwa ndani ya kioo kwa makumbusho ya Field.

Reli ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Makindu ikawa kituo cha kazi, mahali pa mafundi na injini. Inasimuliwa kwamba mwanzoni Sikh wa hapo walikuwa wanaomba chini ya mti, na watu wa dini zingine kutoka India walikuwa wanakaa nao. Mwaka 1926 wakajenga gurdwara. Baadaye kazi ya reli ilipohamishwa, mafundi wakaondoka na Makindu ikapoa. Lakini barabara ya Mombasa ilizidi kuwa na magari, na lile hekalu la wafanyakazi likageuka hekalu la wasafiri.

Sasa rudi mtaani. Muthurwa pia ni mtoto wa reli. Zile nyumba zilijengwa kwa wafanyakazi Waafrika wa reli, ndio maana hadi leo kuna Barabara ya Landhies hapo kando, na wazee bado wanasema "landhies" wakimaanisha nyumba za reli. Na hiyo reli ilikuwa imepanga watu kama mizigo. Mzungu alikuwa na nyumba yake upande wake, Mhindi upande wake, Mwafrika upande wake, chumba kimoja na bafu ya kushea. Hata ndani ya gari moshi, daraja la kwanza, la pili na la tatu lilifuata rangi ya ngozi kuliko tiketi.

Cheki basi venye hiyo kitu imegeuka. Wafanyakazi wa reli hiyo hiyo walijenga nyumba kule Makindu yenye sheria kwamba wote wanakaa chini, sakafu moja, wanakula chakula kimoja. Usipoona hiyo utadhani ni stori ya chapo za bure tu.

Na kama unadhani hii ya usawa ilikuwa maneno ya hekaluni pekee, jina la kukumbuka ni Makhan Singh. Alikuja Nairobi kutoka Punjab mwaka 1927 akiwa kijana, na mwaka 1935 akaanzisha chama cha wafanyakazi kilichokubali watu wa rangi zote, wakati serikali ilitaka kila mtu akae na wake. Aprili 1950, kwa ukumbi wa Kaloleni, hapo tu mbele ya Muthurwa, alisimama mbele ya umati akaitisha uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alishikwa. Aliachiliwa Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11 kizuizini. Wasee wachache sana wa Eastlands wanafunzwa hiyo shuleni.

Kufika huko

Hapa watu wa Muthurwa mko mbele ya kila mtu. Machakos Country Bus iko hapo mlangoni kwenu. Tafuta gari za Makindu, Kibwezi, Mtito Andei ama zenye zinashuka mpaka Mombasa na zinakubali kukushukisha njiani. Uliza nauli kabla hujakaa, juu Krismasi na Pasaka bei hupanda bila aibu. Mchukue kamera mwingine akikwambia "panda tutaongea ndani", ongea ukiwa nje.

Ni kama kilomita 160 na kitu, karibu masaa matatu kama malori hayajafunga barabara. Utapita Mlolongo, Athi River, Salama, Sultan Hamud na Emali. Kutoka Emali joto linaanza kukuambia umetoka Nairobi.

Gari moshi je? Ile Madaraka Express ya kaunti, yenye ilianza baada ya SGR kufunguliwa 2017, inasimama Emali na Kibwezi lakini haisimami Makindu. Ukitaka raha ya dirisha, shuka moja ya hizo mbili kisha umalizie na mat. Ila pima hesabu: stesheni ya Nairobi iko Syokimau, kwa hivyo kutoka Muthurwa utakuwa umelipa nauli mbili kabla safari ianze.

Ukifika Makindu, hekalu liko karibu na barabara kuu. Utaona bendera ndefu ya rangi ya chungwa, inaitwa Nishan Sahib. Hiyo bendera ni alama kwa msafiri yeyote: hapa kuna chakula na pa kupumzika. Usipoiona, uliza bodaboda yeyote.

Ukiingia, fanya hivi

Kwanza, funika kichwa. Wanaume kwa wanawake, bila ubaguzi. Kuna vitambaa hapo mlangoni, lakini ni poa ukibeba leso ama mtandio wako. Kofia ya kawaida, kama ile ya besiboli, hawaipendi ndani ya ukumbi wa ibada. Kama uko na rasta, funga vizuri na kitambaa kikae.

Pili, vua njumu. Kuna mahali pa kuziweka. Soksi zenye zimepitia mengi ziache nyumbani siku hiyo, utatushukuru. Osha mikono, na kama miguu imeshika vumbi, osha pia.

Tatu, mavazi. Hawakutaki na suti. Wanataka nguo zenye zimefunika mabega na magoti. Utakaa chini, kwa hivyo kimini na suruali ya kubana sana zitakutesa wewe mwenyewe kabla zitese mtu mwingine.

Nne, acha nje sigara, tumbaku, miraa, bangi na pombe, hata kama iko ndani ya begi. Na kama ulipitia kwa mwagaji kwanza, pita na hekalu siku nyingine. Hii ni sheria ya imani yao, si maoni ya askari wa langoni.

Tano, ndani ya ukumbi wa ibada utaona jukwaa lenye kitambaa kizuri, na juu yake Guru Granth Sahib. Hicho kitabu wanakipa heshima ya guru aliye hai. Asubuhi kinafunguliwa, usiku kinalazwa. Sikh wataenda mbele, watainama mpaka paji la uso liguse sakafu. Wewe mgeni hulazimishwi. Unaweza kuinamisha kichwa kidogo ama kukaa tu nyuma kwa utulivu. Kaa chini ukikunja miguu, usinyooshe nyayo kuelekea kitabu. Ukitoka, usikipatie mgongo ghafla kama mtu amekasirika.

Sita, mtu anaweza kukupatia kitu laini, tamu, chenye mafuta. Inaitwa karah parshad, imepikwa na unga, samli na sukari. Pokea na mikono miwili, ukiwa umeweka viganja pamoja kama bakuli. Kama huwezi kula sukari ama hutaki, sema polepole kabla hujapokea. Ukishapokea, maliza.

Dishi lenyewe

Jikoni na mahali pa kula panaitwa langar, na hata chakula chenyewe kinaitwa hivyo. Utapata chapo, dengu, wali, mboga, chai ya maziwa. Hakuna nyama hata siku moja, na si kwa sababu ya bei. Chakula kisichokuwa na nyama kinaweza kuliwa na karibu mtu wa dini yoyote, hivyo hakuna mgeni anakaa kando akitazama wengine.

Unakaa, unapewa. Unaruhusiwa kuongeza mara nyingi vile unataka. Chenye huruhusiwi ni kumwaga. Chukua kidogo, maliza, rudi tena. Hiyo ndio tofauti kubwa ya mgeni mwenye amelelewa na mwenye amekuja tu kushinda.

Hii desturi iko na zaidi ya miaka 500. Inasimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme mkubwa wa Wamughal, alipoenda kumwona guru wa tatu, Amar Das, aliambiwa akae chini na watu wa kawaida adishi kwanza, ndio waongee. Leo Hekalu la Dhahabu kule Amritsar, India, linalisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja, kwa mtindo huu huu. Makindu ni ndugu yake mdogo wa ukambani.

Sasa "bure" inalipwa na nani?

Swali la maana. Hakuna serikali inatuma doo hapo. Sikh anafundishwa kutoa sehemu ya kumi ya mapato yake, na familia nyingi hulipia chakula cha siku fulani kama shukrani, labda mtoto amezaliwa ama mzee amepona. Wasafiri pia hutoa. Kando ya pesa kuna kitu wanaita seva, kazi ya kujitolea. Mwenye kampuni anaweza kuwa anaosha masufuria, na mwenye kupika chapo akawa daktari. Huwezi kujua, na hiyo ndio maana yake.

Kwa hivyo ukila, kuna njia tatu za kusema asante. Moja, kuna sanduku la sadaka. Weka chenye uko nacho. Soo ni sawa, mbao ni sawa, hakuna mtu anachungulia. Mbili, beba kitu cha jikoni: paketi ya unga, sukari, chumvi, mafuta. Mkishikana kumi, kila mtu kilo moja, hiyo ni mzigo wa maana. Tatu, kama umesota kabisa, toa mikono. Uliza kama unaweza kuosha vyombo ama kufagia. Hii haikudharau. Kwao ni ibada, na wao wenyewe wanaifanya.

Na kama huna chochote, na ubao umekushika kweli? Kula. Usione haya. Hapo mahali palijengwa kwa ajili yako kwanza, mwenye gari kubwa baadaye. Lile kosa ni la mwenye anaweza na hataki, halafu anarudi mtaani kuwachekelea wenye walimlisha.

Kulala

Kuna vyumba vya wageni. Ni safi, ni vya kawaida, na si hoteli. Fika mapema, beba kitambulisho, ongea na ofisi kwa adabu, kubali jibu utakalopewa. Siku za sikukuu hujaa. Mkiwa kikundi kikubwa, wasiliana nao siku kadhaa kabla, msiwashtukie mkiwa thelathini saa moja usiku. Usiku ni kimya: hakuna spika, hakuna karamu, hakuna kuingiza chupa kisirisiri. Na kama unatafuta mahali pa kujificha na manzi wa mtu, tafuta kwingine.

Picha na video

Hapa ndio wengi huharibu. Nje, bustani na majengo, kwa kawaida si shida, lakini uliza. Ndani ya ukumbi wa ibada, usitoe simu mpaka mtu wa hapo akubali. Usimpige picha msee anakula bila ruhusa yake. Kuna mtu amekaa hapo juu hana namna nyingine, na sura yake kwa ukurasa wako na maneno ya kuchekesha inaweza kumfuata mpaka kwao.

Ukidhani hii ni ukali wa kupita, cheki Japani. Kyoto kuna mtaa unaitwa Gion, wenye wasanii wa kike wa zile kimono. Watalii walikimbizana nao na simu mpaka mwaka 2024 wakaazi wakafunga vichochoro vya binafsi na kuweka faini ya yeni 10,000. Ukarimu ukichoka, hufungwa hivyo hivyo, kichochoro kimoja kimoja. Makindu bado mlango uko wazi. Kuuweka wazi ni kazi ya wageni pia, haijaachiwa wenyeji pekee.

Kama Makindu ni mbali kwa mfuko wako

Nairobi pia kuna gurdwara kadhaa, zingine ziko pande za Ngara, unatembea tu kutoka tao. Sheria ni zile zile: kichwa kimefunikwa, miguu mitupu, adabu. Hizi hutumika zaidi na waumini wa mtaa, kwa hivyo uliza langoni saa gani mgeni anaweza kuingia. Jumapili ndio siku yenye watu wengi. Utasikia wakiimba kutoka kile kitabu, na harmonium na ngoma ndogo, na baadaye watu wote watashuka kula.

Na ukiwa umekaa hapo sakafuni, cheki sahani yako. Chapati ni neno la huko kwao. Gari lenye lilikuleta pia ni neno kutoka Kihindi, na bima ya hiyo gari vilevile. Hawa watu tumeshea nao mdomo na jikoni zaidi ya miaka 120, na bado wengi wetu hatujawahi kukaa nao meza moja. Makindu hakuna meza. Kuna sakafu na nafasi kando ya mtu usiyemjua.

Kwa hivyo mbogi ikijipanga, bebeni leso, kilo moja moja za unga, na nauli ya kurudi. Hiyo ya mwisho hekalu halitakupatia.